UZI: Vinanda vya kanda – niliyoyaona kwa wenye Mellotron na waliozitengeneza

Fundi Kanda

Wakuu, habari za jioni.

Huu uzi nimeuahirisha tangu mwaka jana. Nilitaka kwanza nimalize kazi iliyokuwa mezani, na jana usiku imekwisha: Mellotron M400 ya mzee mmoja wa hapa Birmingham imeimba vibonyezo vyote 35, kimoja baada ya kingine, bila kukwama wala kukwaruza. Mzee alisimama nyuma yangu na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Nilipogeuka nikamkuta amefumba macho.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Tanga, Ngamiani. Ufundi nilianzia kwenye kibanda cha mjomba, tukirekodi kaseti za taarab na kuunga kanda zilizokatika. Redio ikitafuna kanda, tunaletewa sisi. Huku Uingereza natengeneza amplifaya na mashine za kanda za rili, na kwa njia hiyo nikaangukia kwenye hivi vinanda. Nimekutana na watu ambao nataka niwaeleze habari zao. Majina sitataja, hawajaniruhusu.

Kwanza chombo chenyewe, maana najua wengi hapa hawajawahi kukiona.

Kwa nje M400 ni sanduku jeupe lenye safu fupi ya vibonyezo vya piano. Ni zito, limepita kilo 50. Ukifungua kifuniko unakuta kanda 35, kila kibonyezo na kanda yake. Kanda yenyewe ni pana kuliko ya kaseti, karibu milimita 9.5, na imebeba njia tatu za sauti zilizolala sambamba: mathalani fidla, filimbi na kwaya. Unachagua njia kwa swichi. Ndani kuna mhimili mmoja wa chuma uliokatiza upana wote wa kinanda, na unazunguka muda wote mota ikiwa hai. Ukibonyeza, kigurudumu cha mpira kinaibana kanda kwenye ule mhimili, na kipande kidogo cha sufi kinaigandamiza kwenye hedi, yaani kile kisomaji cha kanda. Kanda inavutwa, inasomwa, inamwagikia kwenye sanduku la chini. Ukiachia kidole, springi inairudisha ilikotoka.

Sekunde nane tu. Kanda ikiisha, sauti inakatika hata kama kidole bado kimebonyeza. Kwa hiyo anayejua kukipiga anahamisha vidole bila kukoma, anaachia kimoja huku anashika kingine, ili kila kanda ipate nafasi ya kurudi mwanzo.

Na kinachosikika ni binadamu. Mtu alikaa studio na fidla yake, akapiga noti moja, akaishikilia zile sekunde nane, akapumzika, akapiga inayofuata. Noti zote 35 hivyo hivyo. Ndiyo maana hakuna mbili zinazofanana. Moja imeanza kwa nguvu, nyingine mkono ulitetemeka kidogo mwishoni. Mimi nikifanya kazi kwenye kile kinanda huwa najisikia nimeingia chumbani kwa watu.

Naendelea, ngoja niswali kwanza.

Mzee wa Rekodi

Nimeweka kambi hapa. Mkuu tiririka.

Nuru wa Kisauni

Ndugu Fundi, swali. Huko kwenye kanda kulikuwa na ubovu gani? Na ukibonyeza vingi kwa pamoja mota inahimili kweli?

Fundi Kanda

Nuru, umegusa penyewe. Haihimili vizuri. Ukibonyeza vingi kwa mpigo, mota inalemewa, mhimili unapunguza mwendo, na sauti nzima inashuka. Unakumbuka redio kaseti ambayo betri zimekwisha, wimbo unalegea, ukienda kuzianika juani zinapata uhai kidogo? Ndiyo hali hiyo hiyo. Baadaye yalikuja mabodi mazuri zaidi ya kuongoza mota, lakini zile za mwanzo zilisumbua wapigaji jukwaani vibaya sana.

Ubovu wa hii ya mzee ulikuwa mwingine. Kila kibonyezo kina skrubu mbili. Moja inaamua kigurudumu cha mpira kibane kiasi gani, nyingine inaamua sufi igandamize kiasi gani. Sufi ikibana mno, kanda inaburuta na sauti inatetemeka. Mpira ukibana kidogo, kanda inateleza na noti inakuja imechelewa. Kuna fundi aliwahi kuzikaza zote mpaka mwisho, nadhani aliona noti hafifu akasema dawa ni kukaza. Mpira ukala kanda, unga wa kahawia ukajaa kila mahali.

Nilisafisha mhimili kwa spiriti na kitambaa cha pamba mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Kisha nikaanza kibonyezo cha kwanza: legeza skrubu zote mbili, kaza ya mpira robo mzunguko, bonyeza, sikiliza, kaza tena kidogo, sikiliza, halafu ndipo uiguse ya sufi. Siku ya kwanza nilimaliza vibonyezo vinne. Mzee hakuniharakisha. Alivuta kiti, na kila kimoja kikikaa sawa alikuwa anatamka noti yake kwa sauti ya chini, kama anaita majina ya watoto darasani.

Alikinunua mwaka 1974. Bendi ilivunjika, ndoa ikavunjika, nyumba akahama mara tatu, kinanda kila mahali alikwenda nacho. Ametengenezewa mlango wa chumba kwa upana wake.

Mzee wa Rekodi

Nani alibuni hiki kitu? Ni Waingereza?

Fundi Kanda

Hapo ndipo penye kisa, mkuu. Aliyebuni ni Mmarekani, Harry Chamberlin wa California. Inasimuliwa kwamba alikuwa anajirekodi akipiga ogani nyumbani, akawaza: kama naweza kujisikiliza kwenye kanda, kwa nini kibonyezo kisicheze kanda ya chombo chochote? Mwishoni mwa miaka ya 1940 akatengeneza mashine ya midundo ya ngoma, halafu vinanda vikubwa vyenye fidla, filimbi na tarumbeta. Waliorekodiwa baadhi yao walitoka kwenye okestra ya Lawrence Welk, kiongozi wa bendi maarufu huko Marekani, watu wenye mkono uliokomaa.

Alikuwa na muuzaji wake akiitwa Bill Fransen. Mwaka 1962 Fransen akapanda meli na vinanda viwili vya Chamberlin kuja Uingereza, akitafuta kiwanda kitakachoweza kutengeneza hedi 70 zinazolingana. Akakutana na ndugu watatu, Frank, Norman na Leslie Bradley, wenye kampuni ya Bradmatic hapa Birmingham, mtaa wa Aston. Jina la Chamberlin hakulitaja. Wakaamini chombo ni chake. Mwaka 1963 Mellotron ya kwanza ikatoka.

Chamberlin alipokuja kujua, alikasirika, na baadaye pande zote zikafikia makubaliano. Yeye akaendelea na vyake Marekani, wao wakaendelea na vyao.

Nuru wa Kisauni

Huo ni wizi, tusiupake rangi. Mtu anabeba jasho la mwenziwe, anavuka nalo bahari, analiuza.

Mzee wa Rekodi

Nuru, nakubali kwa Fransen. Kwa akina Bradley nasita. Walioneshwa chombo chenye kasoro, wakaulizwa mnaweza kukiboresha. Fundi akiletewa redio hamuulizi mteja risiti.

Nuru wa Kisauni

Fundi akiletewa redio mbili za aina moja ambazo hazijawahi kuonekana nchini, huuliza.

Fundi Kanda

Nimewasikia wote, na niseme ninavyoona mimi. Fransen alikosea, na alikosea akijua. Akina Bradley walifanya kazi ya ufundi kwa mikono safi, ila walipoujua ukweli tayari mashine zilikuwa zinauzwa. Kinachoniuma ni kwamba jina la Chamberlin linajulikana na wachache sana, ilhali wazo lilikuwa lake. Ndiyo maana kwenye uzi huu nimelitaja kabla ya Mellotron yoyote maarufu.

Nawarudisha kwenye kiwanda, maana mtu wa pili niliyekutana naye alifanya kazi humo.

Ni bibi wa miaka themanini na kitu. Nilielekezwa kwake na yule mzee. Ujana wake alikuwa anakata kanda kwa kipimo na kuzifunga kwenye fremu, ile inayoshika kanda zote za kinanda. Nilipomwambia nimebeba fremu garini, akasema ilete. Akaiweka juu ya meza ya jikoni, akavaa miwani, akapitisha kidole gumba kwenye kanda zote kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, bila kubonyeza. Alipofika kama ya ishirini akasimama. Akasema hii imefungwa na mtu mwingine. Nikaangalia: kweli, kiungo cha ile kanda kilikuwa kimekatwa kwa pembe tofauti na nyingine. Mimi nilikuwa nimekaa na ile fremu wiki mbili sijaliona.

Nilimuuliza walikuwa wanafahamu kwamba vinanda vyao vinakwenda wapi. Akacheka, akasema walijua vingine vinakwenda kwa wakubwa. Na ni kweli, wateja wa mwanzo walikuwa watu wa hadhi: Princess Margaret, mchekeshaji Peter Sellers, hata Mfalme Hussein wa Jordan. Mellotron Mk II ya mwaka 1964 ilikuwa samani ya sebuleni, ina vibonyezo 70 katika safu mbili. Upande wa kushoto midundo na bendi nzima ikikusindikiza, upande wa kulia vyombo vya kuongoza. Kila kanda ilikuwa na vituo sita vilivyofuatana kwa urefu na njia tatu, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe: 70 mara 18, sauti 1,260 ndani ya sanduku moja. BBC walichukua ya aina yake yenye milio ya athari badala ya muziki, ya kutumia kwenye vipindi.

Lakini waliokifanya kisikike duniani walikuwa vijana. Mmoja ni Mike Pinder, mtoto wa hapa hapa Birmingham, aliyefanya kazi kiwandani kama mwaka mmoja na nusu akijaribu mashine kabla hazijatoka. Aliijua ndani nje. Alipopata yake, zile kanda za midundo upande wa kushoto akazitoa, akaweka vyombo vya kuongoza pande zote mbili. Akaenda nayo kwenye bendi yake, The Moody Blues. Yeye ndiye aliyewaeleza The Beatles habari zake, na zile filimbi zinazofungua "Strawberry Fields Forever" ya mwaka 1967 ni Mellotron. Pinder amefariki mwaka 2024.

Binti Lamu

Kaka Fundi, asalaam alaykum. Nimesoma mpaka hapa machozi yananilenga, na niseme kwa nini. Mimi niko Los Angeles, nafanya kazi ya sauti kwenye studio. Tajiri wangu ana Chamberlin M1, ya miaka ya 1970. Ni ndogo, inakaa mezani. Mwezi wa kwanza kazini sikuruhusiwa kuigusa hata kwa kitambaa.

Siku moja jioni amebaki peke yake akaniita. Akaniwekea fidla, akasema bonyeza moja tu, shikilia mpaka iishe. Nikabonyeza. Kabla sauti haijaja nikasikia pumzi. Mpigaji kavuta pumzi, kisha upinde ukagusa uzi. Nikabonyeza tena, pumzi ile ile. Babu yangu alikuwa mpiga fidla wa taarab pale Lamu, na alikuwa na mtindo huo huo wa kuvuta pumzi puani kabla ya kuanza. Hana hata rekodi moja. Nilikaa pale nikabonyeza kile kimoja labda mara thelathini na tajiri hakuniuliza kitu.

Aliniambia jambo moja tu, kwamba kila ukibonyeza, kanda inalika kidogo. Hedi inaikwangua. Kwa hiyo wakati wa kurekodi kazi ya watu anatumia sauti zilizonakiliwa kwenye kompyuta, na ile yenyewe anaiwasha mara moja kwa wiki ili mpira usigandane umbo.

Fundi Kanda

Dada, waalaykum salaam. Asante kwa hii. Tajiri wako anajua kazi. Mpira ukikaa umebana sehemu moja muda mrefu unapata bonde, na kila mzunguko unasikia "dup, dup".

Naomba uniruhusu siku nyingine nikuulize zaidi kuhusu hizo fidla za Chamberlin.

Mpemba wa Wete

Mie swali langu ni jengine. Hao wanamuziki hawakulalamika? Maana sanduku moja limewamaliza watu wa fidla wote.

Fundi Kanda

Walilalamika, na kwa haki. Chama cha Wanamuziki cha Uingereza kilikipinga wazi. Hofu yao ilikuwa kwamba mwenye hoteli atanunua kimoja na kuwafukuza wapigaji kumi. Sisi wa pwani tumeliona hilo kwa macho yetu: kinanda cha umeme kilipoingia kwenye taarab ya kisasa, ni fidla ngapi na kanuni ngapi zilirudi kutundikwa ukutani?

Ila kwa Mellotron mambo yalikwenda njia tofauti. Ilikuwa nzito, inachachamaa kwenye joto na unyevu, na haikusikika kama okestra halisi hata siku moja. Ilisikika kama okestra inayokumbukwa. Waliotafuta okestra ya bei nafuu waliiacha, waliopenda ule ukungu wake wakabaki nayo. Bendi kama King Crimson, Genesis, Tangerine Dream, wote wale. M400 peke yake, iliyoanza mwaka 1970, ziliuzwa karibu 1,800.

Nani aliizika? Vinanda vya umeme vya bei rahisi, na madeni. Mwaka 1977 kampuni ya mauzo ilianguka, na jina la Mellotron likaishia Marekani. Waliokuwa wakizitengeneza kwa mikono yao hawakuwa na haki ya kuziita jina lake tena, wakaziita Novatron. Yule bibi alipofikia hapo akinisimulia, alinyamaza. Kisha akasema walikuwa wanaendelea kufunga kanda zile zile, kwenye fremu zile zile, na nje wanabandika jina la kigeni. Mwaka 1986 kiwanda kikafungwa.

Leslie Bradley alifariki mwaka 1997. Mwanawe John, pamoja na Martin Smith, wakaifufua Streetly Electronics, ile kampuni ya akina Bradley iliyokuwa ikizitengeneza, na mwaka 2007 wakatoa mashine mpya ya kanda kabisa, M4000. Na Stockholm yuko Markus Resch ambaye Mk VI yake ilitoka mwaka 1999. Kwa hiyo wakuu, hiki chombo hakijafa. Kanda mpya zinakatwa mpaka leo.

Mpemba wa Wete

Sasa ngoja niseme lililo moyoni. Hapa kwetu yupo mzee mpiga zumari. Umri umekwenda. Vijana hawajifunzi. Mie nina redio kaseti mbovu kama tisa hivi stoo, mota zao nzima. Je, mtu anaweza kutengeneza kinanda cha hivi kwa kaseti? Kisiwe kizuri, kiwe tu kinalia.

Fundi Kanda

Mpemba, umeniamsha kitandani.

Inawezekana, na imeshafanyika. Kijana mmoja Marekani, Dave Biro, mwaka 1974 alianza kwa mashine za kanda za garini. Kikazaliwa Birotron, na Rick Wakeman, mpiga kinanda wa bendi ya Yes, akaingiza fedha zake humo. Zilitengenezwa chache mno, mimi sijawahi kuishika hata moja. Ujanja wake ulikuwa huu: kanda haina mwanzo wala mwisho, inazunguka daima, na kibonyezo kinafungua sauti tu. Baadaye mwingine akafanya hivyo kwa Walkman. Kwa kaseti zako hiyo ndiyo njia. Usijaribu springi, zitakutoa roho.

Fanya hivi. Kila redio iwe noti moja. Mota zote ziachie ziwe zinazunguka. Kibonyezo kiunganishe waya wa sauti tu kwenda kwenye amplifaya. Redio nyingi zina skrubu ndogo nyuma ya mota, ndani ya kitundu, ya kuongezea na kupunguza mwendo. Tumia bisibisi nyembamba, tafuta noti kwa sikio, hiyo ndiyo namna ya kuzilinganisha. Zumari haina noti nyingi, redio tisa zinatosha na zitabaki.

Hasara yake utapoteza ule mwanzo wa noti, ile pumzi ya dada Binti Lamu, kwa sababu kanda itakuwa tayari katikati. Kwa hiyo mrekodi mzee mara mbili. Mara moja noti ndefu kwa ajili ya kinanda, aipige dakika nzima kama pumzi ya kuzungusha, ile ya kuvuta hewa puani huku unapuliza, bado anaiweza. Mara ya pili noti hizo hizo moja moja, kuanzia kimya mpaka kimya, uzihifadhi. Hizo za pili nitumie. Nina fremu moja tupu ya M400 hapa na kanda mpya za kutosha.

Binti Lamu

Maikrofoni nitakutumia mimi, kaka. Nitafutie tu mtu anayesafiri kuja Unguja.

Mpemba wa Wete

Nimekwenda kwake baada ya magharibi. Nimemueleza kila kitu, sekunde nane, kanda, Birmingham, yote. Kanisikiliza kimya. Kasema tuje Alhamisi baada ya alasiri, na ile noti ya juu kabisa ataipiga mwanzo, kabla hajachoka.